Sindano ya Malengelenge

24 Machi
Masika yameanza kwa fujo. Mahamri yamelowa nikiwa bado nahangaika na mwavuli, na wateja wote wamejibanza kwenye ukuta wa zahanati ng'ambo ya njia wakinitazama tu. Daftari hili nimelinunua kwa sababu hapa Shika Adabu, Likoni, ukimwambia mtu jambo asubuhi, adhuhuri unasimuliwa mwenyewe, tena limetiwa chumvi. Daftari halina mdomo.

26 Machi
Carolyne, mke wa mwanangu, amepika wali ukawa mashendea. Nimeula kimya ili ajue.

30 Machi
Leo kanisani nimetoa nia ya misa. Padri ameisoma kwa sauti: tumwombee Carolyne, mke wa Griffin, Mungu alifungue tumbo lake. Kanisa zima likageuka kumtazama. Mkaza mwanangu huyu ni mtoto wa Voi, mpole wa kuudhi, na huu ni mwaka wa tatu tangu Griffin wangu amwoe bila hata mimba ya kusingizia. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake mpaka misa ikaisha. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Asante kwa maombi, mama." Sikujua kama ananisuta au vipi. Griffin hakuwapo, yuko kazini kwenye yadi ya makontena kule Changamwe. Siku hizi halali hapa ila mwisho wa wiki, na si kila wiki. Mimi simlaumu. Mwanamume anarudi nyumbani kuitwa baba.

4 Aprili
Leo kuna habari.

Wamesimamisha hema mbele ya zahanati. Ni watu wa utafiti, wanatafuta vijana na wanawake wa kuchanjwa dhidi ya kisonono. Nimesogeza kiti changu karibu. Si kwa haja ya chanjo, mimi mjane na kitanda changu kimepoa zamani, ila ukiuza mbele ya geti lazima ujue wenzako wanauza nini.

Aliyesimama kueleza ni Sista Mwanatabu, muuguzi wetu, mwanamke wa Kisauni mwenye Kiswahili cha kuteleza. Akasema mdudu wa kisonono na mdudu wa homa ya uti wa mgongo ni mtu na binamuye. Kule ng'ambo watu waliwahi kuchanjwa dhidi ya uti wa mgongo, baadaye ikaonekana kwamba hata wanaougua kisonono wamepungua. Hawakuisha, wamepungua. Sasa wanataka kujua kama na kwetu itakuwa hivyo.

"Na ndani ya sindano mmetia nini?" nikauliza.

"Si mdudu mwenyewe, Mama Griffin. Mdudu akiwa hai, ngozi yake ya nje hufura ikatoa malengelenge madogo madogo, hayaonekani kwa macho. Yakishabanduka yanakwenda zake. Hayana uhai, hayazai. Lakini yamevaa ngozi ile ile ya mdudu. Hayo ndiyo yanayokusanywa, yakasafishwa, ukadungwa. Mwili unajifunza ile sura, hata siku mdudu mwenyewe akija unamtambua kabla hajakaa kitako."

"Kumbe mnadunga watu malengelenge," nikasema.

Hema lote lilicheka. Kila mtu hapa anajua malengelenge humtoka mtu wapi na huenda kutibiwa kwa kujificha vipi. Sista akasema, "Ni ya mdudu, mama, si ya mtu." Nikamwambia, malengelenge ni malengelenge, mwanangu, hata yakitoka kwa malaika. Nusu ya wasichana waliokuwa kwenye foleni wakatoka. Wawili walikuja kununua mahamri kwangu.

Roho yangu ilisuuzika siku nzima.

8 Aprili
Mvua. Neno langu limefika mpaka kivukoni. Mtu nisiyemjua amenihadithia mwenyewe.

11 Aprili
Sista amebadilisha neno. Hakuna tena malengelenge, sasa ni vibofu. Gladys, jirani yangu anayeuza mitumba, akaja mbio. "Kumbe ile sindano inashika kibofu?" Nikamwambia inashika, utakuwa mtu mzima unakojoa kitandani. Kidogo nianguke kwa kicheko alivyoondoka.

14 Aprili
Vibofu vimekuwa mapovu. Maskini Sista, anahangaika na kamusi yake. Mtaa wa nyuma wanasema kuna mtu alidungwa akaanguka, mapovu yakamtoka kinywani. Waliponiuliza ni nani, nikasema ni mtu wa Kisauni. Huko ni mbali, hakuna atakayepanda feri kwenda kuuliza.

17 Aprili
Ningekuwa na nguvu ningeandika kwa herufi kubwa.

Nilikuwa nakaanga karai la pili nilipomwona Carolyne anatoka getini kwa zahanati, pamba begani pale sindano ilipoingia. Hakunificha uso. Alinisalimia kabisa, "Shikamoo mama," akapita na mwavuli wake. Wateja waliona. Gladys aliona. Nilifunga kibanda unga ukiwa bado umeumuka bakulini.

Nilimkuta uani anaanua nguo.

"Umekwenda kuchanjwa kisonono?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe, mke wa mtu."

"Ndiyo, mama."

"Umekipata kwa nani hata uogope kukipata tena?"

Alikunja shati la Griffin, akaliweka juu ya mengine. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Muulize mwanao."

Nikamwambia arudie. Akarudia, tena akaongeza. Eti alipimwa mwaka wa kwanza wa ndoa. Eti alitibiwa akapona, akaletewa tena, akatibiwa tena, na sasa daktari anasema mirija ya uzazi imeziba. Eti kila mara alimwomba Griffin waende wote wawili, na Griffin akamjibu kwamba yeye si mgonjwa. "Sikutaka kumwaibisha mbele yako, mama. Ndiyo maana nikakuacha uniombee kanisani. Sasa nimekwenda kujikinga, basi."

Nilimzaba kofi. Sijutii. Mtu anakaa nyumbani mwangu, anakula chakula cha mwanangu, halafu anamtia mwanangu uchafu wake. Niliingia chumbani kwao nikalivuta godoro mpaka uani, nikalitupa mvuani. Likanywa maji mpaka likashindwa kuinuka. Nikaita ua mzima waje wamwone mwanamke wa malengelenge. Gladys alikuja, wapangaji wakaja, watoto wakaja. Carolyne alisimama pembeni mwa lile godoro akiwa amelowa chapachapa, na hakulia. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nikampigia Griffin. Nilimweleza yote, na yale aliyosema juu yake. Akasema, "Mama, fanya unavyoona," akakata simu.

Basi nimefanya. Carolyne ameondoka na begi moja. Mkono unaniwasha mpaka sasa.

21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka
Nimechinja kuku. Nimekula na Gladys.

3 Mei
Mungu wangu hajanitupa. Griffin amekuja leo, na nyuma yake binti na tumbo limesimama. Jina lake Njeri, wazazi wake ni watu wa bara lakini yeye amezaliwa Changamwe. Kumbe wakati mimi natoa nia za misa, mjukuu wangu alikuwa tayari njiani. Aliniita "mathe". Nikamwambia hapa mimi ni mama, na asubuhi ni shikamoo. Akacheka, akasema shikamoo mama, akakaa chini kuchambua mbaazi bila kuambiwa. Nimempenda papo hapo.

Nani sasa alikuwa na kasoro? Griffin anazaa. Nimelisema hilo kwa sauti uani.

7 Mei
Mvua haipumziki. Griffin anameza vidonge vya rangi mbili. Anasema ni vya mgongo, kazi ya yadi ni nzito.

12 Mei
Njeri alitaka kwenda kliniki ya wajawazito. Nikamwambia, geti ni lile lile, na sindano ni ile ile. Alipauka. Akaniuliza kama ni kweli ile ya mapovu. Nikasema mimi nakaa mbele ya lile geti, nani ajue kama si mimi?

Mchana Sista Mwanatabu akavuka njia mwenyewe, akanunua mahamri ambayo najua hakuyataka.

"Mama Griffin, nasikia una mkwe mjamzito. Mlete. Wajawazito hatuwadungi ile chanjo, hata wakiomba. Tutampima damu na mkojo tu, na akijifungulia kwetu mtoto anapakwa dawa machoni, anakwenda zake."

"Machoni mwa mtoto mnatafuta nini?"

"Kama mama ana ugonjwa asioujua, macho ya mtoto ndiyo yanayolipa, wakati wa kupita."

Nikamwambia mkwe wangu hana ugonjwa, mwenye ugonjwa nimeshamfukuza. Akanitazama sana. "Carolyne hakuwa na ugonjwa tulipomchanja, mama. Angekuwa nao tusingempokea." Nikamrudishia chenji yake. Wauguzi wakishajua neno moja wanadhani wamejua nyumba za watu.

15 Mei
Unga umeota ukungu. Nimetupa.

19 Mei
Vijana wamerushia hema mawe. Ilianza na mama mmoja aliyepiga kelele kwamba binti yake ametoka malengelenge mdomoni, na binti mwenyewe alikuwa na mafua tu, nilimwona. Nilikaa kibandani nikatazama. Dirisha la zahanati limevunjika. Watu wa utafiti wamekunja hema lao wakaenda, na geti limefungwa kwa minyororo. Sista alitoka wa mwisho akiwa amekandamiza kitambaa chenye damu kichwani. Alipita mbele yangu, hakunisalimia.

Nimeshangaa kidogo kwamba neno moja linaweza kufanya kazi hivyo. Lakini pia, haki ya Mungu, nilijisikia mkubwa.

27 Mei
Biashara mbovu. Geti likifungwa, hakuna anayepita.

9 Juni
Mjukuu!

Uchungu ulimshika Njeri usiku wa kuamkia leo, mvua ikinyesha. Nikamwita Mama Kombe, mkunga wa mtaani aliyenizalisha Griffin. Kabla ya jua kuchomoza kitoto kilikuwa kimelia. Mwanamume, kichwa kikubwa, ngozi ya babu yake. Ameitwa Nguma, jina la marehemu mume wangu, kama inavyotakiwa kwetu. Alifungua macho akanitazama moja kwa moja. Macho meusi, yametulia. Nililia mbele ya watu.

11 Juni
Nguma ananyonya vizuri. Macho yana tongo kidogo.

12 Juni
Tongo limezidi, kope zimegandana. Nimemwambia Njeri amkamulie maziwa machoni, ndivyo tulivyolelewa sote.

13 Juni
Kope zimefura. Ukizipanua kwa vidole usaha unatoka, mwingi, wa manjano, unarudi papo hapo baada ya kufuta. Nimeosha kwa maji ya chai ya rangi. Griffin alikuja akasimama mlangoni. Nikamwambia mwanangu, mtazame mwanao. Akasema atarudi, akatoka. Hajarudi. Nimejiambia ana huruma nyingi, hawezi kuona mtoto akiteseka.

14 Juni
Carolyne amekuja leo. Alikuja kuchukua sufuria zake mbili zilizobaki. Siku hizi anafuatana na Sista Mwanatabu nyumba kwa nyumba, wanawaomba watu wakubali zahanati ifunguliwe tena, na wanafungiwa milango. Alimsikia mtoto, akaingia bila kukaribishwa, akainama, akampakata Nguma, akazipanua kope zake kwa vidole viwili.

Akageuka kwangu, uso umebadilika. "Mama, huyu apelekwe hospitali sasa hivi. Si kesho. Sasa. Nitambeba mimi kama umechoka."

Njeri alikuwa ameshaanza kutafuta kanga. Na mimi nini kilinipanda? Nitaandika kilivyokuwa. Niliona yule mwanamke niliyemtupia godoro amesimama na mjukuu wangu mikononi, na Njeri anamsikiliza yeye, si mimi. Nikampokonya mtoto. Nikamwambia, "Umekuja kumtazama kwa jicho baya kwa kuwa wewe huzai. Ndilo lililomfanya hivi." Gladys alikuwa mlangoni akasema, "Kweli kabisa." Carolyne akapiga magoti. Mbele yangu, kwenye sakafu. Akasema, "Mama, nitukane ukimaliza. Mpeleke kwanza."

Nikamfukuza kwa mwiko.

Jioni nimemfukizia Nguma ubani dhidi ya jicho.

15 Juni
Ananyonya kidogo. Mvua.

16 Juni
Asubuhi jicho la kulia halikuwa na mboni. Palikuwa na kitu cheupe kimetokeza katikati, kama ute wa yai likiingia maji ya moto. Njeri alipiga ukelele ambao sitausahau. Tumepanda feri, tumekwenda hospitali kubwa kisiwani, na Griffin nimemwita kwa vitisho akatukuta huko.

Daktari ni kijana wa Kiluo, Oduor, sauti yake ndogo. Hakugomba, na afadhali angegomba. Alisema jicho la kulia limetoboka, hilo limekwisha. La kushoto kioo chake kimepata kovu zima, huenda atatambua mchana na usiku, zaidi ya hapo asituahidi. Akauliza yalianza lini. Njeri akamwambia. Akasema kwa mdudu huyu siku moja ni nyingi, na sisi tumemwachia zaidi.

"Mdudu gani?" nikauliza.

"Wa kisonono, mama. Mtoto amekipata akipita kwa mama yake. Wazazi wote wawili watibiwe leo."

Njeri akasema, "Mimi sijawahi kuumwa na chochote." Daktari akamwambia wanawake wengi hawaumwi, hicho ndicho kibaya chake. Njeri akamgeukia Griffin. Nami nikamgeukia Griffin. Mwanangu alikuwa anatazama viatu vyake, vile vile alivyoinamisha kichwa Carolyne kanisani siku ile, ila yeye alikuwa hasingiziwi.

Vidonge vya mgongo. Mama mzima, nimezaa nimelea, nikaamini vidonge vya mgongo.

17 Juni
Wamemlaza. Wanamdunga sindano, na mimi ndiye ninayemshika miguu.

22 Juni
Nimelala benchi la wadi. Nimefikiria malengelenge ya yule mdudu, vile Sista alivyoeleza, kitu kitupu kisicho na uhai kinachokwenda huku na huku kimevaa ngozi ya mwenyewe. Kile cha sindano kilikuwa hakimdhuru mtu. Changu, lile neno langu, ndicho kilichofunga geti.

Sijamwambia yeyote. Nitamwambia Carolyne. Nitakwenda nimpigie magoti kama alivyonipigia.

26 Juni
Tumerudi nyumbani. Griffin amehamia Changamwe kabisa. Njeri amebaki hapa na mtoto.

28 Juni
Leo wamekuja kumwona mtoto. Ua ulijaa, wanawake wa mitaa yote, wengine siwajui. Nilidhani wamekuja kunipa pole. Gladys akamchukua Nguma mapajani kwa Njeri, akamfunua uso, akamwinua ili walio nyuma waone.

"Haya ndiyo yale malengelenge," akasema. "Si mnaona jicho lilivyotumbuka? Mama Griffin alituambia mapema."

Nikamwambia Gladys, Njeri hakudungwa kamwe. Akajibu bila kufikiri, "Yeye hakudungwa, lakini Carolyne alidungwa, na alikaa kitanda kimoja na Griffin. Akamwambukiza Griffin, Griffin akaleta kwa huyu. Na juzi alikuja kumshika mtoto kwa mikono yake." Wote wakaguna. Walikuwa wamekwisha kuipanga yote, haina tundu, na ilikuwa ni yangu, wameitia viungo tu.

Njeri akaniangalia. Alikuwako hospitali, alimsikia daktari. Mlangoni mwa ua walikuwa wamesimama Carolyne na Sista Mwanatabu, nadhani walikuja na dawa za mtoto. Carolyne naye ananiangalia.

"Si ndiyo, Mama Griffin?" akasema Gladys. "Ni ile sindano, sivyo?"

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini ukisema hapana lazima useme basi ni nini, na ukisema ni nini umemtaja mwanangu mbele ya ua mzima, Griffin wangu, niliyemlea kwa mahamri.

"Ndiyo," nikasema. "Ni ile sindano."

Nguma alikuwa mikononi mwa Gladys. Aliposikia sauti yangu aligeuza uso kunitafuta, akapitiliza, akabaki ameelekea ukutani.

Carolyne aliweka dawa chini, kwenye ngazi, akaondoka kabla wale wengine hawajageuka. Walimfuata mpaka njiani wakimzomea. Kuna aliyeokota jiwe.

1 Julai
Mvua imekatika. Nasikia Carolyne ameondoka Likoni, hakuna anayejua alikokwenda. Mahamri yameisha mapema leo. Wengi walikuja kuniuliza habari za mtoto, nami nimewaambia ni ile sindano.